Tawi limelalia paa na cheni imebanwa: nani yuko sahihi, mimi au jirani?

*"Habari mtaalamu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti mkubwa tuliouhamia ukiwa tayari umekomaa. Tawi moja limefika mpaka paani na kulilalia, na mengine mawili yanaelekea kwenye waya wa umeme unaoingia ndani. Nimenunua msumeno wa cheni wa umeme, ule wenye mpini mrefu, unaotumia betri ya volti 18. Kwenye boksi wameandika unafika mita 4.5. Nilianza na lile tawi la paani, unene wake kama sentimita 15. Nilikata kwa juu kama nilivyoona kwenye video, lakini katikati cheni ikabanwa, na mpaka sasa msumeno unaning'inia. Betri nayo ilikuwa imeshachoka baada ya vitawi vinne tu vyembamba. Jirani ananiambia nipande ngazi nimalizie na nifikie ya juu zaidi. Anasema nyaya zisinitishe, kwa sababu chombo ni cha betri na mpini si wa chuma, hata mimi nizime tu swichi kuu ya nyumba kama nina wasiwasi. Pia anasema nikate sawasawa na shina kisha nipake rangi, jeraha lisioze. Mke wangu yeye anataka mti wote ushushwe nusu tusisumbuke tena. Nani yuko sahihi, na mimi nilikosea wapi?"*

Pole kwa kazi iliyokwama katikati. Kabla ya kuamua nani yuko sahihi, tushughulikie kile kinachoning'inia sasa hivi, kwa sababu tawi lililokatwa nusu ni hatari kuliko tawi zima. Leo hii zuia watu kupita chini yake, watoto hasa, na zuio libaki hata usiku. Kwenye misumeno mingi ya aina hii betri hukaa upande wa chini, karibu na mkono unaobonyeza swichi. Kama unaifikia ukiwa umesimama ardhini, pembeni ya tawi, ichomoe. Najua imeisha, ichomoe hivyo hivyo. Betri iliyopumzika hurudisha nguvu kidogo, na hiyo kidogo inatosha kuzungusha cheni.

Usiuvute mpini kwa nguvu. Ukiuvuta unapinda ubapa unaobeba cheni, au unalishusha tawi lote likufuate. Unaweza kujaribu jambo moja tu: chukua ufito mrefu, imara, wenye panda mwishoni, simama pembeni mbali na mstari wa tawi, halafu linyanyue taratibu karibu na mkato huku mwenzako akiutikisa mpini kwa upole kutoka upande mwingine. Mkato ukifunguka, ubapa utatoka wenyewe. Usipofunguka mara ya kwanza wala ya pili, acha. Atakayekuja kulishusha tawi atakutolea na msumeno wako.

Sasa kwa nini ulibanwa. Video uliyoiona haikukudanganya, ila tawi lake halikuwa kama lako. Tawi la kawaida limeshikwa upande mmoja tu, kwenye shina, na ncha iko hewani. Uzito unaivuta ncha chini, kwa hiyo nyuzi za upande wa juu zimevutika na za upande wa chini zimegandamizwa. Ukikata kwa juu, mkato unajifungua kadiri unavyozama. Ukikata kwa chini, unajifunga. Ndiyo maana kila anayefundisha anasema mkato wa kukatia tawi utoke juu.

Tawi lako limeshikwa pande mbili, shina huku na paa kule. Uzito wake unalemea katikati, linapinda kuelekea chini, na mambo yote yanageuka: nyuzi za juu ndizo zinazogandamizana na za chini ndizo zinazovutwa. Kila sentimita uliyoshuka na cheni, midomo ya mkato ilikuwa inakaribiana juu yako. Hali hiyo hiyo hutokea tawi likilalia ukuta, likilalia tawi lingine, au likiwa limeshaanguka na kulala juu ya jiwe. Mimi kabla sijawasha chochote huzunguka mti mzima nikitazama kila tawi limeshikwa na nini na ncha yake imegusa nini. Kazi hiyo haina jasho, lakini ndiyo inayoamua kila kinachofuata.

Kuna dalili ambayo ungeweza kuiona. Cheni ya msumeno mdogo huacha mkato wa upana wa milimita chache. Ukiutazama vizuri unapokata, utaona kama unapanuka, unabaki vilevile, au unasinyaa. Ukisinyaa hata kidogo, toa ubapa cheni ikiwa bado inazunguka. Wengi hushtuka wakaachia swichi kwanza, cheni ikasimama, na hapo ndipo inapobaki humo.

Tuseme usingebanwa. Mkato ungefika chini, upande wa shina ungeanguka, na ncha ingebaki imeegemea paa. Tawi zima lingegeuka kuwa mteremko kutoka paani kuja chini, na lingeteleza kuelekea pale ulipokuwa umesimama umeinua mikono. Tufanye hesabu. Mbao mbichi ya miti mingi ina uzito wa kati ya kilo 700 na 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Kipande cha unene wa sentimita 15 na urefu wa mita 4 kina kama mita za ujazo 0.07, yaani kilo 50 hadi 70, bila kuhesabu vijitawi na majani. Kikianguka kutoka mita 3 na nusu kinafika ardhini chini ya sekunde moja, kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Huwezi kukiona kinaanza, ukaamua, na ukaondoka kwa muda huo. Cheni ilipobanwa, ndugu yangu, ilikufanyia hisani.

Kwa mtu anayefanya kazi hii nyumbani kwake, mpaka wangu ni unene wa sentimita 10 kwa tawi lililo huru. Ubapa wa sentimita 20 au 25 unaweza kumeza tawi nene zaidi, na mtengenezaji hatakosa kukuambia hivyo. Lakini uwezo wa cheni kula mbao na uwezo wako wa kuongoza kinachoanguka havilingani. Mpini mrefu unakuongezea mkono tu. Hauna kamba ya kulishusha tawi, na wala haukupi pa kukimbilia.

Kuhusu zile mita 4.5 za kwenye boksi, hapo wengi wanajikwaa. Idadi hiyo huwa imejumlisha kimo cha mtu aliyenyoosha mikono juu ya kichwa. Mpini na ubapa vyenyewe, ukivipima vikiwa vimevutwa mpaka mwisho, vitakuwa kama mita 2.7. Halafu maelekezo ya misumeno mingi yanakataza kuuinua zaidi ya nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, ili usijikute umesimama chini ya unachokikata. Kwa nyuzi 60, mita 2.7 zinakupandisha mita 2.3 tu. Ongeza mkono wa chini ulio usawa wa kiuno, kama mita 1.1, na jumla ni mita 3.4 hivi. Hapo mahali pa kukatia patakuwa mita 1.35 tu mbele yako. Soma tena namba hiyo ya mwisho ukikumbuka kwamba tawi lenyewe linaweza kuwa na urefu wa mita 3. Ndiyo maana hatusimami kwenye mstari wa tawi, tunasimama ubavuni mwake.

Boksi likiahidi zaidi ya mikono inavyofika, mtu hutafuta ngazi. Jirani yako si wa kwanza kutoa ushauri huo, na nauelewa: mita moja tu ya ziada, dakika mbili tu. Lakini misumeno ya aina hii huwa na uzito wa kilo 4 hivi, na mara nyingi injini yenyewe iko kule mwishoni, kwa hiyo unahitaji mikono yote miwili. Ngazi inataka mkono mmoja. Ukiwa umeegemeza ngazi kwenye mti, tawi likikatika lile lililobaki linapunguziwa mzigo na kunyanyuka, na ngazi iliyolalia hapo inapoteza shikizo. Kipande kinachoanguka nacho mara nyingi hakianguki wima. Kinabembea kwanza kwenye ule utepe wa mwisho wa nyuzi, kama mlango kwenye bawaba, kisha ndipo kinaachia. Aliye ardhini anarudi hatua mbili. Aliye kwenye ngazi hana pa kurudi. Tawi usilolifikia ukiwa umekanyaga chini si kazi ya msumeno huu, na sina kifungu kidogo cha kulegeza hapo.

Sasa umeme. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ushauri wa jirani yako ukikosea mara moja hutapata nafasi ya kuuliza tena.

Betri inaeleza injini inapata nguvu wapi, basi. Haina usemi wowote kuhusu umeme wa nje. Cheni ikigusa waya wa juu, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyopo ni cheni, ubapa, mpini, mikono yako, mwili wako, miguu yako. Betri haimo katika safari hiyo hata kidogo. Mipini mingi inayovutika ni ya alumini. Mingine ni ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, na huo ndio "mpini usio wa chuma" wa jirani. Lakini ndani yake kuna vifungio vya chuma, wakati mwingine nyaya za kupeleka umeme kwenye injini, na juu yake kuna vumbi la mbao, jasho na oili. Mafundi wa nyaya za umeme wana fito zao za nyuzi za kioo zinazopimwa, kusafishwa na kutunzwa kavu kwa kazi hiyo. Chombo ulichonunua hakikutengenezwa hivyo, na kitabu chake cha maelekezo, ukikifungua kurasa za mwanzo, kitakuambia wazi kwamba hakikingi dhidi ya nyaya za juu. Vitabu vingine vinataja umbali wa mita 10 kutoka kwenye waya, vingine mita 15. Wenye misumeno ya kuchomeka ukutani nao hupotoshwa na ile alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo inasema kuna tabaka mbili za kuzuia umeme *wa ndani ya chombo* usikufikie ukipata hitilafu. Haisemi lolote kuhusu waya wa nje.

Tena si lazima chuma kiguse waya. Tawi bichi limejaa maji yenye chumvichumvi, na linapitisha umeme. Unaweza kukata kwa usalama kabisa mita kadhaa kutoka kwenye waya, ncha ikainama, ikagusa, huku ubapa wako ukiwa bado ndani ya mbao. Na ile ngozi ya plastiki inayouvika waya unaoingia nyumbani huzeeka kwa jua na kusuguliwa na matawi yale yale unayotaka kuyakata. Kutoka chini huwezi kuona palipochubuka.

Hilo la kuzima swichi kuu ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa kuwa linasikika kama busara. Swichi kuu inakata umeme kuanzia ilipo kwenda ndani ya nyumba. Waya unaotoka kwenye nguzo kuja ukutani uko *kabla* ya swichi. Utazima, taa zote zitazimika, utajisikia salama, na waya ule juu utakuwa na umeme kamili kama ulivyokuwa. Anayeweza kuukata ni mwenye mtandao, yaani shirika la umeme. Kwa hiyo yale matawi mawili yaondoe kwenye orodha yako. Piga simu, eleza matawi yako wapi na waya upo upande gani, uliza kama wanayakata wenyewe au wanakuja kuukata umeme wakati mpogoaji wako anafanya kazi. Na ikitokea tawi lolote limeangukia waya, au waya umelala chini, usilisogelee kulivuta. Ardhi yenyewe inaweza kuwa na umeme. Ondoka kwa hatua fupi za kuburuza nyayo bila kuzinyanyua, kaa mbali angalau mita 10, zuia wengine, piga simu.

Baada ya kukunyang'anya matawi matatu, nikupe yaliyobaki. Mti mkubwa lazima una vitawi vya sentimita 3, 5, hata 8, vilivyo huru, vya chini, mbali na waya na paa. Hapo msumeno wako unafaa sana, na ndipo ulipopaswa kuanzia.

Vaa miwani ya kinga kabla ya yote. Unatazama juu, na kila kinachotoka kwenye cheni kinashuka usoni. Kofia ngumu, glovu, na buti zinazoshika chini ni za lazima pia. Safisha pa kusimama na pa kurudi nyuma. Mtu hujikwaa kwenye vipande alivyovikata mwenyewe dakika kumi zilizopita.

Usilikate tawi zima kwa mkato mmoja kwenye shina. Limalize kwa vipande, kuanzia nje kuja ndani. Kila kipande kifupi kinaondoa uzito, na kikianguka hakina nguvu ya kubembea. Washa cheni kabla haijagusa mbao, egemeza ubapa juu ya tawi pale karibu na mwili wa msumeno, na uache uzito wa kichwa ukate. Huna haja ya kupeleka mbele na nyuma kama msumeno wa mkono. Cheni ya upande wa chini wa ubapa inakimbia kuja kwako, kwa hiyo inalivuta tawi likae mahali pake. Kinachosumbua ni ncha ya ubapa: sehemu yake ya juu ikigusa kitawi cha jirani, inausukuma msumeno ghafla, na ukiwa mwishoni mwa mpini wa karibu mita 3 unayumba nao. Na ujiandae kwa mwisho wa mkato. Mpaka hapo tawi lilikuwa linakubebea kichwa cha msumeno. Likikatika, kilo zote zinarudi mikononi mwako kwa mkupuo mmoja, cheni bado inazunguka, na chombo kinataka kushuka kuelekea miguuni.

Ukibakiwa na kipande cha sentimita 30 hivi kwenye shina, sasa kata kidogo kwa chini, kama robo ya unene, kisha malizia kwa juu. Ule mkato wa chini unazuia gome lisichanike na kushuka na shina. Kipande hicho ni kifupi na chepesi, hivyo kukata chini kidogo hakutakubana. Lakini usizidishe robo.

Mkato wa mwisho unakwenda wapi? Jirani anasema sawasawa na shina, na kwa miaka mingi hata watu wa fani walifundishwa hivyo. Aliyebadilisha mambo ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, ambaye alipasua miti mingi kwa urefu ili aone ndani jeraha la zamani limeishia wapi. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha maelezo ya namna mti unavyojigawa vyumba: haurudishii nyama pale palipoumia kama mwili wetu, unajenga kuta kulizunguka jeraha, unalifungia humo, na kuendelea kuotesha mbao mpya juu yake. Tazama pale tawi linapoungana na shina. Utaona mkunjo uliovimba, kama kola. Humo ndimo mti unapojengea kizuizi kikali cha kuoza. Ukikata sawasawa na shina, umekiondoa kizuizi chenyewe na umeacha jeraha pana zaidi. Ukiacha kigutu kirefu, kinakufa na kuoza taratibu kuelekea ndani. Kata nje tu ya uvimbe huo, bila kuugusa. Kutoka chini, kwa msumeno unaotikisika, hutaupata mstari barabara kila mara. Ukisita, acha sentimita moja au mbili za ziada. Kosa la kuacha kidogo ni dogo kuliko la kukata uvimbe.

Rangi usipake. Haizuii kuoza, ikipasuka kwa jua inanasa unyevu ndani na kuvu wanapata makao. Isipokuwa kama mti wako ni mwaloni na uko sehemu za Marekani zenye ugonjwa wa mnyauko wa mialoni, ambako hupakwa rangi mara moja ili wadudu wanaoueneza wasivutwe na jeraha bichi. Kwingine, jeraha safi lililo wazi ndilo linalofunga vizuri.

Kwa mkeo nitasema kwa heshima: kuushusha mti nusu hakutawapunguzia usumbufu, kutauongeza. Mti uliokatwa kichwa umepoteza majani yanayoulisha, kwa hiyo unachipua kwa pupa, machipukizi mengi, marefu, yaliyoshikamana na gome la nje tu. Baada ya muda mtakuwa na matawi mengi kuliko sasa, yanayovunjika kirahisi zaidi, juu ya vigutu vinavyooza. Msiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa msimu mmoja, na kwa mti mzee hata hiyo ni nyingi. Kama mti ni mkubwa mno kwa mahali ulipo, ni heri kuung'oa wote na kupanda mdogo kuliko kuuacha ukiwa kiwete.

Betri. Volti 18 kwa betri ya ampea-saa 2 ni wati-saa 36. Injini ikivuta wati 400 inapata dakika 5 na kidogo za kukata mfululizo. Zinaonekana chache, lakini kitawi cha sentimita 4 kinakatika kwa sekunde chache, hivyo vinne visingeimaliza. Ama haikuwa imejaa, ama imechoka, ama cheni inakwamisha injini. Angalia kinachomwagika: cheni kali hutoa maranda, cheni butu hutoa vumbi laini, na ukiona moshi au unalazimika kukandamiza, jua ni butu. Kama uligusa mchanga au msumari hata mara moja, inatosha. Angalia pia mkazo wake, betri ikiwa nje na glovu mkononi: ukiivuta katikati ya ubapa inyanyuke kidogo, meno yake ya ndani yasitoke kwenye mfereji, ukiiachia irudi palepale. Cheni mpya hurefuka, ikague mara kwa mara siku ya kwanza. Na oili: nyingi ya misumeno hii huuzwa tangi likiwa tupu. Ikizunguka kavu, betri ndiyo ya kwanza kulipa.

Kama betri itakufanya ufikirie kuhamia kwenye msumeno wa kuchomeka ukutani, huo una nguvu isiyokatika na mara nyingi ni mwepesi zaidi, lakini unahitaji waya mrefu wa nje, mnene wa kutosha usipunguze umeme njiani, na soketi yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Waya huo utakuwa unaburuzwa pale pale vipande vinapoangukia. Mimi kwa mti mmoja wa nyumbani ningebaki na betri, nikanunua ya pili kabla ya kubadili chombo. Na kama kazi yako nyingi ni vitawi chini ya sentimita 5, msumeno wa mkono wa mpini mrefu, ule wa ubapa uliopinda unaokata ukiuvuta, utakufaa kuliko unavyodhani. Ni mwepesi, hauna cheni ya kunoa, na ukibanwa unautoa kwa kuusukuma.

Kwa hiyo mwite mtaalamu kwa lile tawi la paani, ambalo sasa limekatwa nusu, na mwite haraka, kabla ya upepo mkali. Mwite pia kwa chochote kinene kuliko sentimita 10, kilichokauka, chenye shimo au uyoga kwenye shina, au tawi lililovunjika likanasa juu. Akija, mwoneshe mkato wako ulipo na useme ulibanwa kwa juu, ili ajue limekaaje. Muulize atalishusha kwa kamba au ataliachia tu, paa atalikinga na nini, ana bima ya kazi au hana, na mkato wa mwisho atauweka wapi. Akikujibu kwamba ataukata sawasawa na shina na kuupaka rangi, mlipe nauli yake na utafute mwingine.